Kwaheri, Buriani na Amina: Namna Mchezo wa M*A*S*H Ulivyoagana na Watazamaji Wake

Usiku wa tarehe 28 Februari 1983 watu wapatao milioni 106 nchini Marekani walikaa mbele ya televisheni zao kwa muda wa saa mbili na nusu, wakitazama sehemu ya mwisho ya mchezo uitwao M*A*S*H. Katika kila televisheni mia zilizokuwa zimewashwa saa hizo, 77 zilikuwa zimefunguliwa kwenye mchezo huo. Idadi hiyo ya watazamaji haikupitwa na matangazo mengine yoyote ya nchi hiyo mpaka mwaka 2010, nayo yakawa matangazo ya mchezo wa mpira. Kwa upande wa michezo ya kuigiza, haijapitwa hata leo.

Jambo linalostahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa lugha na fasihi si wingi wa watu hao, bali ni kile walichokwenda kukifanya. Walikwenda kuaga. Hawakwenda kujua nani kaua wala nani ataoa, maana mwisho wa kisa ulikuwa ukijulikana tangu siku ya kwanza: vita vya Korea vilikoma tarehe 27 Julai 1953, na kila mtazamaji aliyesoma shule alilijua hilo. Makala haya yanakusudia kueleza namna mchezo huo ulivyolitenda tendo la kuaga, na kuonyesha kwamba maneno ya Kiswahili yanayohusu tendo hilo yanasaidia kuyaona mambo ambayo lugha ya mchezo wenyewe imeyafunika.

Kwanza yafaa kusema machache juu ya chimbuko la mchezo. Mwaka 1968 kilichapishwa kitabu juu ya madaktari wa jeshi la Marekani huko Korea, kilichotiwa jina la mwandishi Richard Hooker. Jina hilo lilikuwa la kubuni, na nyuma yake alikuwapo daktari wa upasuaji aliyewahi kufanya kazi hiyo mwenyewe. Mwaka 1970 Robert Altman alikifanyia filamu. Mwaka 1972, tarehe 17 Septemba, shirika la televisheni la CBS lilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uliotayarishwa na Larry Gelbart. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno yenye maana ya hospitali ya upasuaji ya jeshi inayohamahama, na hospitali ya mchezo huu imepewa nambari 4077. Wahusika wake wanaishi katika mahema, umbali mfupi tu kutoka mstari wa mapigano. Majeruhi huletwa kwa helikopta, madaktari huwashona, na waliopona hurudishwa vitani wakajeruhiwe tena.

Mchezo ulihesabiwa kuwa wa kuchekesha, na wenye shirika walishurutisha utiwe kicheko cha kurekodiwa, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Watayarishaji waliukubali ushuruti huo kwa sharti moja, kwamba kicheko kisisikike ndani ya chumba cha upasuaji. Hivyo mtazamaji alifundishwa, bila ya kuambiwa, kutambua mahali ambapo mzaha unakoma. Mafunzo hayo ya miaka 11 ndiyo yaliyofanya mwisho uweze kubeba uzito uliopewa.

Vita halisi vya Korea vilidumu miaka mitatu na mwezi mmoja, ilhali mchezo uliovisimulia ulidumu miaka 11 na sehemu zaidi ya 250. Mtoto aliyeanza kuutazama akiwa darasa la kwanza aliuaga akiwa anakaribia kumaliza shule ya sekondari. Wahusika walipata mvi ambazo hesabu ya kisa haikuweza kuzieleza. Kwa hiyo kulikuwa na nyakati mbili zilizokwenda pamoja, wakati wa vita na wakati wa watazamaji, na katika kuaga ulioagwa hasa ni ule wa pili.

Sasa yatazamwe maneno. Kiswahili kina kitenzi kuaga, na kutokana nacho kuna kuagana. Tofauti ya viwili hivi si ndogo. Aaga ni mmoja. Yule anayeagwa aweza kuwa amelala, au hayupo, au hataki. Kuagana hakuwezekani mpaka wawepo wawili na kila mmoja alitende tendo kwa mwenziwe. Tena kuna kuaga dunia, ambako marehemu anafanywa kuwa ndiye mtenda: lugha inamsitiri kwa kumpa adabu ambayo pengine mauti hayakumpa nafasi ya kuionyesha. Kwa upande wa majina, kwaheri hutumika kila siku, na aghalabu hufuatwa na ya kuonana, yaani pana tumaini la kukutana tena. Buriani ni neno la namna nyingine. Watu hutakana buriani panapokuwa hapana hakika ya kuonana tena, na ndani yake mna kusameheana: aliyemkosea mwenziwe aombe radhi sasa, maana huenda nafasi isipatikane. Wazee wa pwani waendao Makka kuhiji hufanya hivyo kwa jirani zao nyumba kwa nyumba. Kwaheri na buriani, basi, hazibadilishani mahali kwa urahisi, na atumiaye moja panapotakiwa nyingine hueleweka kuwa ama anakimbia jambo ama analiharakisha.

Katika miaka 11 mchezo wa M*A*S*H ulijaribu namna kadhaa za kuaga, na nyingine zilikwenda vibaya. Mbili zafaa kukumbukwa, kwa kuwa sehemu ya mwisho isingeeleweka bila ya hizo.

Ya kwanza ilionyeshwa tarehe 18 Machi 1975. Mkuu wa hospitali, Henry Blake, aliyeigizwa na McLean Stevenson, amepata ruhusa ya kurudi kwao. Anafanyiwa karamu, anapanda helikopta, anakwenda zake. Kisha, madaktari wakiwa katikati ya upasuaji, karani mdogo aitwaye Radar anaingia na kusoma habari: ndege iliyomchukua Henry imetunguliwa juu ya bahari ya Japani na hakuna aliyenusurika. Kazi inaendelea. Chombo kinaanguka sakafuni na hakuna mtu anayesema neno. Ukurasa huo wa mwisho walifichwa waigizaji karibu wote mpaka saa ya kupigwa picha. Watazamaji waliandika barua nyingi za hasira, wakilalamika kwamba mchezo wa kuchekesha hauna haki ya kumwua mtu namna hiyo.

Jina la sehemu hiyo lina fumbo ambalo msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kulipita bila ya kusimama. Iliitwa "Abyssinia, Henry". Abyssinia ni jina la kale la Ethiopia. Lakini Mwingereza au Mmarekani alitamkapo haraka husikika kama anayesema kwamba watu watakutana tena, na vijana wa zamani walilitumia kwa mzaha huo. Kwa Kiswahili jina lingekuwa "Kwaheri ya Kuonana, Henry". Aliyeagwa kwa ya kuonana ndiye asiyeonekana tena. Huenda wengi waliocheka kwa neno hilo hawakujua kwamba Wahabeshi wenyewe walikuwako Korea: mfalme Haile Selassie alipeleka kikosi kilichoitwa Kagnew, kikafika mwaka 1951 na kupigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Ya pili ilitokea miezi michache baadaye. Mwigizaji Wayne Rogers, aliyekuwa daktari Trapper, aliacha kazi baada ya kutoelewana juu ya mkataba, na hivyo hakukuwa na picha ya kumwaga. Waandishi waliugeuza upungufu huo kuwa kisa. Hawkeye Pierce, mhusika mkuu aliyeigizwa na Alan Alda, anarudi kutoka likizo Tokyo na kukuta rafiki yake amekwisha kuruhusiwa na kuondoka bila ya kumwachia hata barua. Anakimbilia uwanja wa ndege wa Kimpo na kukuta ndege imeondoka dakika kumi tu zilizopita. Papo hapo uwanjani anakutana na daktari mgeni aliyekuja kuchukua nafasi ya Trapper, jina lake B. J. Hunnicutt. Urafiki mpya ulizaliwa mahali pale pale ambapo kuagana kulikosekana, na deni hilo lilikaa miaka minane bila ya kulipwa.

Sehemu ya mwisho iliandikwa na watu wanane, Alda akiwa mmoja wao, na ndiye aliyeiongoza. Waliipa jina la maneno matatu: "Goodbye, Farewell and Amen". Mfasiri mvivu atasema ni neno moja lililorudiwa. Sivyo. La kwanza ni la kila siku, ingawa asili yake ni dua ya kumkabidhi mtu kwa Mungu iliyofupishwa mpaka ikasahauliwa. La pili humtakia msafiri safari njema, nalo siku hizi hutumiwa kwa safari ndefu. La tatu hufunga dua na halina jibu. Kwaheri, buriani na amina ndiyo tafsiri inayolingana nayo, na zaidi ya kulingana, inadhihirisha ngazi: kutoka kuagana kwa leo na kesho hadi mahali ambapo hakuna la kuongeza.

Sehemu inaanza vibaya kwa makusudi. Hawkeye, aliyewachekesha watu miaka yote hiyo, yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Amemshambulia kwa maneno daktari wa nusukaputi, akidai kwamba anataka kumziba mgonjwa pumzi. Mganga wa akili, Sidney Freedman, anamwuliza juu ya safari moja ya basi. Hawkeye anasimulia: walikuwa wakirudi kutoka matembezi ya pwani, wakachukua njiani wakimbizi na majeruhi, wakasikia adui yu karibu, wakazima taa na kunyamaza. Nyuma ya basi mwanamke wa Kikorea alikuwa na kuku aliyekataa kunyamaza. Hawkeye alimkaripia amnyamazishe. Mwanamke akamnyamazisha kabisa. Kisha, kwa kusukumwa pole pole na Freedman, kumbukumbu inafunuka. Hakuwa kuku. Alikuwa mtoto mchanga, wa mwanamke yule mwenyewe.

Wanaisimu wana jina la tafsida kwa neno linalowekwa mahali pa jingine ili kuficha ukali wake. Hapa tafsida imekwenda mbali kuliko kawaida, maana aliyefichwa jambo ni msemaji mwenyewe, na kilichobadilishwa si neno tu bali kile kilichoonwa na macho. Lakini utaratibu ni ule ule, na dawa yake ni ile ile: kulitaja jambo kwa jina lake. Ndiyo sababu ya kisa hiki kikali kuwekwa mwanzoni mwa sehemu ya kuaga. Mtu asiyeweza kutaja yaliyompata hawezi kuyaaga. Wapo watakaoona kwamba watazamaji waliokuja na vitafunio vyao kuwaaga rafiki walitendewa ukatili, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo, mchezo uliochekesha juu ya vita kwa miaka 11 ulikuwa na deni la kusema mara moja, waziwazi, kicheko kile kilikuwa kikifunika nini.

Wahusika wengine wanapewa maagano yao, na hapa uzito haukugawanywa sawa. Winchester, tajiri wa Boston apendaye muziki, anawafundisha mateka watano wa Kichina kupiga kipande cha Mozart. Wanachukuliwa, na baadaye mmoja analetwa akiwa mahututi, wenziwe wote wamekwisha kuuawa. Muziki uliokuwa kimbilio lake unakuwa kikumbusho. Padri Mulcahy anapoteza uwezo wa kusikia kwa mlipuko, jambo zito kwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza maungamo. Klinger, aliyevaa magauni miaka mingi ili ahesabiwe mwenda wazimu na kurudishwa kwao, anabaki Korea kwa hiari yake, kwa kuwa amemwoa Soon-Lee na mke hataki kuondoka kabla ya kuwapata jamaa zake. Kinyume hiki kimepangwa mno. Mkono wa mwandishi unaonekana. Kuagana kwa Hawkeye na muuguzi mkuu Margaret kumefanywa bila ya maneno, kwa busu refu mbele ya wenzao ambao hawajui waangalie wapi.

Hata moto unaoonekana katika sehemu hiyo ulikuwa na asili yake nje ya kisa. Mnamo Oktoba 1982 moto wa nyika uliteketeza kambi ya mahema iliyokuwa imejengwa milimani karibu na Malibu, California, ambako picha za nje zilipigwa. Waandishi waliuingiza moto huo katika hadithi, ukawa ni wa mabomu, na hospitali ikahama kwa muda. Mahali penyewe palikuwa pamekwisha kuaga kabla ya watu.

Kiini cha sehemu nzima, lakini, ni B. J. na Hawkeye. Hawkeye akiwa bado hospitalini, B. J. anapata ruhusa ya kwenda nyumbani, na kwa kuwa binti yake anakaribia kutimiza miaka miwili, anaondoka upesi bila ya kuacha barua. Hawkeye anarudi kambini na kukuta yale ya Trapper yamerudiwa. Safari hii bahati inaingilia: B. J. anazuiwa kisiwani Guam na kurudishwa. Wamepewa nafasi ya pili, ambayo wengi hawapewi. Na bado B. J. hawezi kulitamka neno. Anasisitiza kwamba wataonana tu huko Marekani. Hawkeye anamkumbusha kwamba mmoja kwao ni Maine, pwani ya mashariki, na mwingine ni California, pwani ya magharibi, na kwamba huenda wasionane tena kamwe.

Kwa msemaji wa Kiswahili ugomvi huu unaeleweka mara moja, pengine upesi kuliko kwa wenyewe. B. J. anataka kusema kwaheri ya kuonana. Hawkeye anadai buriani. Lugha yao inawapa neno moja kwa mambo mawili, kwa hiyo wanabishana kama wasiosikizana: mmoja anadhani mwenziwe anavunja tumaini, mwingine anadhani mwenziwe anamkimbia. Na Hawkeye anayo hoja, kwa sababu ya Henry. Yeye anajua ya kuonana ilimfikisha wapi.

Vita vinakoma wakati madaktari wakiwa kazini. Redio inasoma hesabu ya waliokufa na mali iliyopotea, saa nne ya usiku mizinga inanyamaza, na mikono haiachi kushona. Siku ya pili kila mtu anaondoka kwa chombo chake. Kanali Potter, mzee wa jeshi la farasi, anaondoka juu ya farasi wake anayekwenda kumwacha kwa mayatima. Hawkeye na B. J., waliokuwa na sifa ya kutompigia mtu saluti, wanampigia saluti ya heshima. Kisha wanabaki wawili. B. J. anawasha pikipiki, anamwambia rafiki yake kwamba amemwachia barua, na kuondoka. Helikopta inapaa na Hawkeye anatazama chini. Neno la kwaheri limeandikwa kwa mawe juu ya ardhi, kwa herufi kubwa.

Mambo mawili yastahili kuangaliwa katika picha hiyo. La kwanza, neno lililoshindikana mdomoni limewezekana kwa maandishi. Katika utamaduni unaotegemea masimulizi, kuaga kwa maandishi huhesabiwa kuwa ni upungufu. Hapa ni kinyume, maana mawe hayo yalitaka jasho na muda, na mwandishi wake hakutaka kuwapo yanaposomwa. La pili, neno hilo lingeweza kusomwa na mtu aliyekwisha kupaa tu. Aliye ardhini angeona mawe. Na mtazamaji alikuwa ndani ya helikopta ile, pamoja na Hawkeye. Aliagwa naye kwa neno lile lile.

Hapo ndipo mchezo ulipotenda jambo ambalo mtambaji wa ngano za Kiswahili amelijua zamani. Mwanzoni mtambaji huwataka wasikilizaji waitikie: asipoitikiwa pakawa, hawezi kuendelea. Mwishoni huwagawia wote uzuri wa hadithi na kujichukulia ubaya wake peke yake, yaani huomba radhi, na hilo ni karibu sana na buriani. Tofauti iko katika jibu. Mtambaji anawaona wasikilizaji wake wakiinuka na kukung'uta nguo. Televisheni haioni mtu. Husimuliwa mpaka leo kwamba mjini New York, baada ya picha ile ya mwisho, watu wengi walikwenda msalani kwa wakati mmoja hata mabomba ya maji ya mji yakatikisika. Hadithi hiyo imependwa kwa sababu inajaza pengo: watu walitaka liwepo tendo moja walilolifanya wote pamoja kuujibu mchezo.

Vita vilivyosimuliwa havijaagwa bado. Kilichotiwa sahihi mwaka 1953 kilikuwa mkataba wa kusimamisha mapigano, na mpaka sasa hakuna mkataba wa amani kati ya pande hizo. Familia za Wakorea zilizotenganishwa na mpaka, mfano wa ile aliyokuwa akiitafuta Soon-Lee, zilizeeka bila ya kupata hata nafasi ya pili kama ile ya Guam. Mchezo uliwatazama Wakorea zaidi kama wapitao njia, na hilo ni kosa ambalo sehemu ya mwisho, kwa Soon-Lee na kwa mama wa ndani ya basi, ilianza tu kulirekebisha.

Shirika nalo halikuridhika na amina. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 1983 lilianza mchezo mwingine uitwao AfterMASH, ambamo Kanali Potter, Padri Mulcahy na Klinger wanafanya kazi katika hospitali ya askari wa zamani huko Missouri. Padri alipewa matibabu, akasikia tena. Klinger, ambaye watu milioni 106 walikuwa wamemwaga akiwa anabaki Korea, alionekana Marekani pamoja na mkewe. Mchezo huo ulikatizwa katika msimu wake wa pili.